Antena ya Idunduli

Clement alirudi kwao na vitu viwili: ukubwa na hasira. Ukubwa alizaliwa nao, maana ndiye kifungua mimba wa nyumba yao. Hasira aliipata Uyole, kwenye yadi ya malori, alikokuwa msimamizi wa madereva kwa karibu maisha yake yote ya utu uzima, akifoka toka asubuhi hadi jioni na kutiiwa. Sasa amestaafu. Amejenga nyumba ya bati jekundu kwenye shamba la marehemu baba yao, na kitongoji kizima cha Idunduli hakina mtu wa kumfokea isipokuwa mkewe, Sekela, Mnyakyusa wa mjini ambaye hakulelewa kufokewa na wala hakuwa na mpango wa kuanza uzeeni.

Kilichomtafuna zaidi ni kwamba watu walimpita. Walimwamkia vizuri tu, kamwene baba, habari za kustaafu, halafu hao, wanakwenda kwa mdogo wake Sosthenes. Sosthenes alikuwa na dishi juu ya paa, na jioni ya mpira au ya taarifa ya habari sebule yake ilijaa mpaka watu wakakaa mlangoni. Clement alikwenda mara moja. Akapewa kiti kizuri kuliko vyote, akakaa, akaona watu wanamuuliza Sosthenes kila jambo, hata mambo ya malori na mizani ya barabarani, ambayo yeye ndiye aliyeyala na kuyalalia. Aliaga habari hazijaisha, akasingizia macho.

Tangu hapo akaamua: atakuwa na televisheni yake, na watu watahama. Sosthenes aliposikia akafurahi, akamshauri aweke dishi kama lake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ushauri uleule ungetoka kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa mlevi wa kilabuni, Clement angeweka dishi na sisi tusingekuwa na la kusimulia. Lakini kwa kuwa ulitoka kwa mdogo wake, akatangaza kuwa dishi ni takataka. Mvua ikinyesha unaitazama mvua mara mbili, nje na ndani. Yeye ataweka antena, inayokamata mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye mnara wa huku huku ardhini, kama watu wa mjini.

Akapanda basi mpaka Uyole, dukani kwa Nasri. Babu zake Nasri walitoka pwani na biashara ya vitambaa. Mjukuu akaviacha vitambaa akashika antena na ving'amuzi. Alikuwa na sifa moja: hakuuza antena bila kupima. Kwenye simu yake kulikuwa na programu. Unaandika jina la mahali, inatafuta mnara ulio karibu, inachora mstari kutoka mnarani hadi hapo, inahesabu vilima vyote vya katikati, kisha inapaka rangi. Ikija kijani unanunua, ikija njano unajadiliana na moyo wako, ikija nyekundu Nasri anakurudisha nyumbani na hela yako. Kwa kurudisha watu namna hiyo alikuwa amejijengea jina, na jina hilo ndilo lililomlisha.

Nasri akauliza antena inakwenda kufungwa wapi.

"Nyololo," Clement akasema.

"Nyololo sehemu gani, mzee wangu?"

Clement alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama madereva waliochelewa. "Nyololo ni Nyololo. Andika."

Tumwelewe kidogo, ingawa hastahili. Kwa mtu wa malori nchi hii ni barabara kuu na stendi zake: Igawa, Makambako, Nyololo, Mafinga. Kilichoachana na lami hakina jina. Na si yeye peke yake. Mtu yeyote wa Idunduli akiwa ugenini na akaulizwa kwao wapi, hutaja stendi anayoshukia, maana nani wa Uyole anayeijua Idunduli? Unasema Nyololo, mwenzako anaitikia kwa kichwa, maongezi yanaendelea. Nasri akaandika Nyololo, na rangi ikaja ya kijani, nzito, isiyo na doa. Mstari kutoka mnarani ulipita juu ya ardhi tambarare bila kugusa hata kichuguu. Nasri akampigia picha ya kioo cha simu na kumtumia, kama alivyofanya kwa kila mteja, ili kesho kusiwe na maneno.

Clement hakutaka fundi. Alisimamisha bomba refu kando ya nyumba, akafunga antena juu, akaielekeza upande wa mnara kama alivyoelekezwa, akamweka Sekela sebuleni. Televisheni ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Akazungusha bomba kidogo, akauliza, Sekela akajibu bado. Akazungusha tena. Bado. Mchana ukapita hivyo, yeye nje anazungusha, mkewe ndani anasema bado, mpaka bado zenyewe zikakoma, na alipochungulia dirishani akakuta Sekela amekwenda zake kupalilia.

Akampigia Nasri. Nasri akamsikiliza kwa adabu, akamtaka aeleze mbele ya antena kuna nini.

"Kuna miti," Clement akasema.

"Mingi?"

"Shamba zima. Misindano ya mdogo wangu."

Nasri akamweleza kwamba basi hapo ndipo penye tatizo. Programu ile inaijua milima na mabonde, imepewa ramani yake. Lakini miti haioni, kwa sababu miti inaota na kukatwa, ramani haina habari. Ikisema kijani halafu picha isije, tafuta kilichoota. Nasri alisema kweli tupu, jinsi alivyojua yeye. Kichwani mwake nyumba ya mteja ilikuwa pale pale simu ilipopaka rangi, kwenye tambarare, kando ya lami.

Nyuma ya miti ile kulikuwa na kilima, na Clement hakukitaja. Si kwamba alikificha. Alikuwa amekiona toka utotoni, amechunga mbuzi juu yake, na programu ilikwishahesabu vilima ikasema hakuna kinachozuia. Kwa hiyo kilima kilikuwa kimesamehewa. Ikabaki miti.

Sasa miti ile haikuwa miti tu. Huku Mufindi mzazi mwenye akili humpandia mwanawe misindano. Mtoto anakua, miti inakua, na siku ya chuo au ya ndoa ikifika miti inageuka mbao na mbao zinageuka maisha. Sosthenes alimpandia bintiye Happy alipozaliwa, moto ukaja ukaunguza miche yote. Akapanda upya Happy alipoanza darasa la kwanza. Ndiyo hiyo iliyosimama sasa kati ya nyumba za ndugu wale wawili. Happy alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu, anasubiri chuo cha uuguzi, na miti ilibakiza miaka michache tu kufikia unene wa mbao. Ukiikata leo unapata nguzo za uzio na kuni, na Happy anapata kukaa nyumbani. Hakuna mtu wa Idunduli ambaye hakulijua hilo, na Clement alilijua kuwapita wote.

Alikwenda kumwambia mdogo wake aikate. Sosthenes akacheka, akidhani ni utani. Alipoona kaka yake hacheki, akasema taratibu kwamba ile ni ada ya Happy imesimama pale, asubiri. Halafu, kwa kutaka amani, akaongeza neno ambalo lingekuwa jema kwa mtu mwingine yeyote duniani.

"Kaka, acha hiyo antena. Dishi nitakununulia mimi."

Clement aliondoka bila kuaga. Mdogo wake, ambaye yeye alimbeba mgongoni, amnunulie dishi! Njia nzima alitembea na chuki, na tuiite hivyo hivyo, chuki, maana haikuwa hasira tena. Jumapili akahama benchi kanisani. Sosthenes akimwamkia anageukia ukuta. Akawaambia wazee wa usharika kwamba kuna watu wanaimba kwaya ilhali wamewafungia ndugu zao mwanga wa dunia, na kila aliyesikia alimjua aliyesemwa. Sosthenes naye alikuwa wa damu ileile. Alituma ujumbe kwamba siku kaka atakanyaga shamba lile na msumeno, mmoja wao atamzika mwenzake.

Sekela alimwambia mumewe waziwazi kwamba anamwonea haya. Clement akamjibu kwamba mambo ya ukoo hayamhusu Mnyakyusa. Sekela akahamishia mto wake chumba cha wageni, na huko akabaki.

Ikabidi wazee wa ukoo wakae. Mkubwa wao alikuwa Ambrosi, ndugu wa baba yao, mtu asiyependa kelele. Clement akasema kwa mpangilio kama alivyokuwa akisoma makosa ya madereva: yeye ndiye mkubwa, baba hayupo, kaka mkubwa ni baba, shamba ni la baba, na hakuomba mali ya mtu, ameomba njia ya mawimbi tu. Happy ni mwanawe pia, chuo hatakikosa. Hilo la mwisho alilisema haraka, na hakuna aliyemuuliza atalifanyaje.

Ambrosi aliuliza swali moja. "Una hakika ni miti? Na kile kilima je?"

Clement akainua simu yenye picha aliyotumiwa na Nasri, akaizungusha kila mtu aione. Kilima, akasema, kipimo kimekwisha kukihesabu. Hiki si kitu cha kubahatisha, ni kitu cha kitaalamu. Kipimo kinasema Nyololo yote ni kijani, na kati yake na kijani hicho kuna miti ya Sosthenes, hakuna kingine. Wazee wakaitazama ile rangi. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuweka mbele yake. Hawakuamuru miti ikatwe. Walisema ndugu wakayazungumze. Lakini kwetu wazee wakisema kayazungumzeni, anayetakiwa kushuka ni mdogo, na Sosthenes alitoka pale ameinamisha kichwa.

Siku chache baadaye, asubuhi, Clement alisikia msumeno wa mashine ukinguruma. Akatoka na kandambili. Sosthenes mwenyewe alikuwa katikati ya shamba, anakata, hamtazami mtu. Happy alikuwa pembeni na panga, anapunguza matawi ya kila mti ulioanguka na kuyarundika, kama anayefanya kazi ya shamba la jirani. Clement alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akaona aibu kidogo, akaishinda ile aibu, akamwita Sekela awapelekee chai. Sekela akamuuliza ile ni chai ya msiba au ya arusi, akarudi jikoni.

Mti wa mwisho ulipoanguka, Clement aliwasha televisheni na madirisha wazi ili wamwone. Hakuna mawimbi. Akatoka akageuza bomba kushoto, kulia, akalipandisha, akalishusha. Jirani waliokuwa wamekuja kuokota matawi wakasimama na mizigo yao kichwani. Sosthenes alizima msumeno, akaufuta mafuta kwa kitambaa polepole sana, akisubiri. Alisubiri mpaka ilipokuwa wazi hata kwa watoto kwamba hakuna picha itakayokuja. Kisha akauweka msumeno begani akaenda nyumbani kwake, na kimya chake kile kilimuuma Clement kuliko kama angetukanwa.

Hasira yote ikamgeukia Nasri. Alimpigia akamwita tapeli, mwizi wa wazee, akaapa kwamba kesho atasimama mbele ya duka lake sokoni Uyole na kuwatangazia wateja wake kuwa programu yake ni ya uongo. Nasri angeweza kuvumilia mengine yote isipokuwa hilo. Akafunga duka siku iliyofuata, akapanda basi.

Aliposhuka alipiga simu. Alisema yuko stendi ya Nyololo, amesimama mbele ya kibanda cha chipsi chenye antena kama ileile aliyomuuzia, na televisheni ya kibanda inaonyesha safi kabisa. Nyumba iko wapi, aje kwa miguu. Clement akamwambia achukue bodaboda, amwambie dereva Idunduli. Nasri akauliza Idunduli ndiyo nini. Clement akakata simu.

Bodaboda iliacha lami, ikapita viwanja, ikapita mashamba ya mahindi, ikaanza kupanda. Ikapanda hadi mgongoni mwa kilima, kisha ikashuka upande wa pili, kwenye korongo la njia ambalo abiria hushuka kumsaidia dereva kusukuma. Nasri alifika amejaa vumbi mpaka kope, na hasira yake imefika kabla yake. Mlio wa pikipiki ulikuwa umewatoa watu: Ambrosi na mkongojo wake, jirani wachache, Sosthenes na Happy wakitokea upande wa visiki. Nasri hakufungua hata zipu ya begi lake la kazi. Alitazama antena, akafuata kwa macho kule ilikoelekea, yakapita juu ya visiki vibichi, juu ya paa la nyumba ya Sosthenes, mpaka kwenye kilima alichotoka kukivuka, kilichosimama pale kipana, kimeziba upande wote wa mnara.

"Mzee, mimi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza Nyololo sehemu gani."

Clement akasema kwamba hapa ni Nyololo, muulize yeyote.

"Hapa sio Nyololo. Nyololo nimeiacha kule nyuma ya mlima." Nasri akatoa simu, na sauti yake ilikuwa kavu, haina tena mzee wangu. "Programu haijui unakojiita unatoka. Inajua mahali ulipoitajia. Umetaja stendi, imekujibu ya stendi, na stendi ni kijani kweli, nenda kaone."

Akaruhusu simu ishike mahali aliposimama, palepale mbele ya nyumba, akapima upya. Mstari ukatoka mnarani, ukaja, ukagonga kilima katikati ya tumbo. Rangi ikaja nyekundu. Hakumwonyesha Clement kwanza. Alimwonyesha Ambrosi, ambaye aliitazama kwa muda mrefu halafu akampa Sosthenes simu.

"Na miti?" Sosthenes akauliza.

"Miti ipi?"

Sosthenes akanyoosha mkono kwenye visiki. Nasri alivitazama, na ndipo alipoelewa kilichofanyika kwa neno lake la kwenye simu. Akasema kwa shida kwamba kwa kilima kile, uwepo mti au usiwepo, picha isingekuja. Angekata msitu wote wa Mufindi isingekuja. Akaketi kwenye ngazi ya nyumba bila kukaribishwa, akashika kichwa.

Clement alianza kusema. Alisema Nasri ndiye aliyetaja miti. Alisema mtaalamu alitakiwa kuuliza zaidi. Alisema wazee waliiona rangi kwa macho yao. Alisema mengi, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kumtazama miguuni badala ya usoni. Hatimaye akamgeukia Happy, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumgeukia, akamwambia mwanangu usiwe na wasiwasi, chuo nitakipigania mimi.

Happy alikuwa na utomvu wa misindano mikononi hadi vifundoni, haujamtoka toka walipokata miti. Hakupandisha sauti.

"Baba alikataa kukata, baba mkubwa. Hata baada ya kikao alikataa. Ni mimi niliyemwambia akate. Nilimwambia baba mkubwa hawezi kuniangushia miti yangu kama hana hakika."

Hakulia, na hakungoja jibu. Sosthenes alimrudishia Nasri simu yake, akamwambia mgeni amesafiri na hajala, twende kwangu. Nasri akainuka. Ambrosi akageuza mkongojo. Jirani nao wakafuata, mmoja mmoja, wakipita kati ya visiki, hakuna aliyemwambia Clement karibu wala baki salama. Sekela alitoka jikoni na sufuria la ndizi alizokuwa amemwandalia mgeni, akalifunika kwa kanga, akawafuata.

Clement alibaki. Jioni ilipoingia akaketi barazani, maana ndani hakukuwa na kitu. Toka ajenge ile nyumba hakuwahi kuiona nyumba ya mdogo wake kutoka hapo; misindano ilikuwa imeifunika. Sasa aliiona yote, mlango, dirisha kubwa la sebule, na ndani ya dirisha televisheni inawaka. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Alihesabu vichwa: Ambrosi kwenye kile kiti kizuri, Nasri, jirani, Sekela wake na sahani mapajani. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba aliweza kuona rangi ya tai ya mtangazaji. Alijikuta ameinamia mbele, anajaribu kusoma maandishi ya chini.

Mle ndani Happy akainuka kupokea sahani, akageuka, akamwona. Naye sasa hapakuwa na kitu cha kumzuia kuona. Walitazamana juu ya visiki, na Clement akainua mkono nusu, hajui kama anapunga au anaomba.

Happy aliweka sahani chini, akaja dirishani, akavuta pazia.